Chai Iliyomwagwa Msibani

Kwetu Magamba, katika ukoo wetu, mfiwa haingizi kitu mdomoni kabla maiti haijatoka nyumbani. Hakuna anayeisimamia sheria hiyo, ila ukionekana unatafuna utasemwa mpaka wajukuu wako wasikie. Kwa hiyo asubuhi aliyofariki mjomba, kaka yake mama, mama alimeza kidonge chake cha sukari kama kawaida, akajifunga kanga mbili, akaenda msibani bila kuonja hata uji.

Muuguzi alikuwa amemweleza mbele yangu: "Mama, hiki kinashusha sukari, umekula hujala, kinashusha tu. Ukimeza, ule. Kama huli, usimeze." Mama aliitikia vizuri sana. Lakini kichwani mwake dawa ilikuwa wajibu na chakula kilikuwa starehe, na msibani mtu mwenye haya huahirisha starehe. Inaniudhi hadi leo jinsi hesabu yake ilivyokuwa na adabu.

Mazishi yalisogezwa mpaka alasiri, kumsubiri mtoto wa marehemu aliyekuwa njiani kutoka Zirai. Mchana ukungu ulishuka hadi madirishani, wanawake wote tumejikunyata ndani ya masweta. Nilipomshika mama mgongoni, kanga yake ilikuwa imelowa jasho. Mikono ilimtetemeka. Akaanza kumfokea mtu asiyekuwepo kuhusu maji ya mfereji wa shambani.

"Mwacheni alie," walisema wenzake. "Alimpenda sana kaka yake."

Kulia gani? Hakuwa na chozi hata moja.

Nilikimbia jikoni nikakoroga chai yenye sukari nyingi. Nilipopiga magoti mbele yake, mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, aliniwahi mkono, akaimwaga chai yote sakafuni.

"Una wazimu? Huyu ana sukari! Unataka tuzike wawili?"

"Mama mkubwa, sukari imeshuka! Hiyo ndiyo inamuua!"

"Huyu nimemlea mgongoni. Usinifundishe."

Wanawake wakanivuta pembeni. Nilimtukana mama mkubwa maneno ambayo mkubwa hatukanwi, nikajinasua, nikarudi na kikombe cha pili. Meno ya mama yalikuwa yameshabana. Mtu aliyezimia hummiminii chai, itaingia mapafuni, basi nikabaki nimeishika tu. Tulimpakia kwenye pikapu ya kubebea kabichi.

Hospitalini walimtundikia dripu ya sukari. Sukari ilipanda, yeye hakuamka. Daktari alitueleza kwamba ubongo ulikaa muda mrefu mno bila sukari. Mama mkubwa akauliza kwa sauti ndogo kama ile chai ingemponya. Daktari alisema huenda.

Mama alifariki wiki ileile. Asubuhi ya mazishi, maiti ikiwa bado ndani, mama mkubwa alitoka jikoni na sufuria ya uji, akasimama katikati ya wanawake.

"Mwenye vidonge vya sukari anywe. Sasa hivi."

Watu walitazama chini. Wengine walianza kunong'ona kwamba amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa bado namchukia na sikujificha. Akamwendea jirani yetu mmoja, mgonjwa wa sukari, mdogo kwake kwa umri. Yule mama aligeuza uso kwa haya. Mama mkubwa akapiga magoti mbele yake, akamnyooshea kikombe cha uji kwa mikono miwili.

"Kunywa, nakuomba," alisema. "Mimi nimeshaua mmoja."