Bastola Isiyoshikika

Jumamosi ile saluni ilijaa tangu asubuhi. Mwezi wa nne joto la Durban huwa limepungua, na wateja hukaa kitini bila kujipepea. Nilikuwa namsuka nesi mmoja wa Kizulu, mteja wangu wa miaka. Mume wangu, Papa Neema, alikuwa kwenye meza yake ya kutengenezea simu karibu na mlango. Nje, teksi zilipiga honi kuita abiria wa Barabara ya Umbilo.

Nesi aliniuliza habari za binti yangu. Nikamwambia Neema ameanza shule, na Kizulu anakijua kunishinda. Akacheka. Kisha akanitazama kwenye kioo, akashusha sauti.

"Sisi," akaniita, yaani dada kwa Kizulu, "wiki ijayo usifungue."

"Kwa nini?"

"Usifungue tu."

Alipoondoka alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Watu huniuliza kwa nini yaliyofuata nayaita vita. Ilikuwa mwaka 2015, katika mji wenye mahakama na hospitali, wala hapakuwa na jeshi. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Kwangu vita huanza siku unapomkataza mtoto kusema lugha ya nyumbani barabarani. Wiki ile nilimkataza Neema.

Maduka ya wageni kule mjini yalivunjwa na makundi ya wenyeji waliotaka tuondoke nchini. Mtanzania mmoja wa ghorofa ya chini ya jengo tulilokaa, muuza nguo, alirudi na shati lililochanika na funguo za duka ambalo halikuwa tena na mlango. Tukafunga saluni. Jengo letu lilikuwa na Wakongo wengi, na wote tulijifungia humo, tukaegemeza makochi kwenye milango.

Aliyetutunza ni MaDlamini, msimamizi wa jengo. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kila asubuhi alikwenda kutununulia mkate na maziwa ili sisi tusionekane barabarani. "Eish, nyinyi watu," alikuwa akisema, akitua mifuko mlangoni, "mnakula kama harusi."

Siku ya tatu au ya nne akaja Shukuru, mdogo wake mume wangu. Alikuwa akipakua makontena huko Clairwood, na njiani alikuwa amepigwa jiwe begani. Hakutaka nimtazame jeraha. Aliketi kwenye kochi, akafungua koti, akatoa bastola.

Kwanza sikuona ajabu yake. Ilikuwa nyeusi, fupi, ya kuingia kwenye mkoba wa mwanamke.

"Shemeji, hii si bastola ya kawaida," akasema. "Iko kitu kidogo, lakini inaongea kama mashini. Ukibonyeza na kushikilia, inamwaga risasi zote. Watu mia watakimbia. Watafikiri tuko jeshi mzima humu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa dereva mmoja. Usiniulize sana."

Vijana wa jengo walikuja kuiona. Ilipita mkono kwa mkono, na nikaona mabega yaliyokuwa yameinama wiki nzima yakinyooka. Hata Mtanzania, mtu mpole wa swala tano, aliipima kiganjani kwa muda mrefu kabla ya kuirudisha. Nami nitasema ilivyokuwa: moyo wangu ulitulia. Mbele ya watu wengi, mtu mmoja mwenye panga hana maana. Kitu kile kilituahidi kwamba mmoja wetu angeweza kuwa wengi.

Papa Neema peke yake ndiye ambaye hakuigusa. Alikuwa amebeba bunduki ya jeshi nyumbani kabla hatujakimbia, na hakupenda kuzungumzia miaka hiyo.

"Bunduki ndefu unaiegemeza begani," alimwambia mdogo wake. "Hii utaiegemeza wapi?"

"Nitaishika na mikono miwili."

"Haishikiki, Shukuru. Risasi ya kwanza itakwenda unakotaka. Zingine zitakwenda zinakotaka zenyewe. Nipe niifiche."

"Yaya," akamwita kaka yake, "wakija utawatupia simu zako?"

Wengine walicheka. Mume wangu aliunyoosha mkono wake mbele ya Shukuru kitambo, kisha akaushusha.

Walikuja mchana, baada ya chakula.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wakiimba. Nilimpeleka Neema bafuni, nikamlaza ndani ya beseni la kuogea na mito juu yake. Kisha nikaenda kwenye roshani, kwa sababu mume wangu alikuwa chini uani.

Walijaza barabara mbele ya geti. Baadhi yao walikuwa na fimbo, mmoja ana petroli kwenye chupa ya soda.

MaDlamini alifungua geti dogo, akasimama kwenye upenyo wake, akiwa ametugeuzia mgongo. Aliwasemesha kwa Kizulu. Hakuwasihi, aliwagombeza. Aliita watu kwa majina ya koo zao. Akamuuliza mwenye chupa kama mama yake anajua yuko wapi.

Mtu fulani akacheka. Mwenye chupa akainamisha kichwa.

Wa nyuma wakaanza kugeuka.

Shukuru alitoka kwenye ngazi.

Papa Neema akapiga kelele, "Acha!"

Shukuru aliilenga sakafu ya saruji, mbali na watu, upande wa kushoto wa geti. Hilo nililiona kwa macho yangu. Alitaka kuwatisha tu.

Mlio ulikuwa mmoja, kama turubai linalochanwa.

Mikono yake ilipanda. Ilipanda na kuelekea kulia, kana kwamba mtu alikuwa akimvuta, na kidole chake kiling'ang'ania kifyatulio jinsi mtu anavyong'ang'ania kamba akianguka.

Halafu kimya.

Barabara ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa wamekimbia, kama alivyotuahidi.

MaDlamini alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo ya geti. Nilishuka mbio. Mume wangu alikuwa tayari amevua shati, akilikandamiza kifuani pa yule mama. MaDlamini alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia, kisha hakunitazama tena.

Matundu ya risasi yalianzia kwenye saruji, yakakwea nguzo, yakaishia juu kabisa ukutani, chini ya dirisha la ghorofa ya pili. Shukuru alikuwa amesimama palepale. "Nilibonyeza mara moja tu," alisema. Polisi walipokuja aliwaambia hivyohivyo, na mahakamani pia. Nadhani bado anasema hivyo, huko gerezani.

Kabla hatujahamia Sydenham, nilikwenda Umlazi, kwa binti yake MaDlamini. Mume wangu alitaka tuende wote. Nikamwomba anitangulize mimi. Nilitarajia kufukuzwa, na ingekuwa haki. Binti alinifungulia, akaniketisha, akanipa chai. Alikuwa na sauti ileile ya mama yake, ila aliishusha.

Nilisema pole zangu kwa Kizulu changu kibovu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa anawaambia nini?" akauliza.

Nikamweleza jinsi alivyowagombeza. Jinsi alivyomuuliza mwenye chupa habari za mama yake. Binti akatabasamu kidogo, akafuta jicho kwa kiganja.

"Na wao? Walikuwa wanamsikiliza?"

Ningeweza kusema sijui. Roshani ilikuwa juu, na kelele zilikuwa nyingi. Jibu hilo lingekuwa jepesi kwa Shukuru, jepesi kwangu, na pengine jepesi hata kwake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Walikuwa wameanza kuondoka."