Ugomvi Uliobebwa Mabegani

Sisi tuliojifunza karate Gisenyi tukiwa wadogo, kimono zetu zilishonwa na mama zetu kwa magunia ya unga. Zilikuwa zinawasha shingo, Mungu wangu! Tulifanyia mazoezi kwenye salle, ukumbi wa parokia, miguu mitupu juu ya saruji baridi, kisha tukarudi nyumbani kula maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, tukirusha mateke njia nzima. Watoto wa leo wananunua kwanza mkanda mweusi sokoni, ndipo wanatafuta mwalimu.

Wetu tulimwita Maître tu. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, fundi wa viatu, na kwake ngumi ilikuwa kitu cha mwisho kabisa. Wawili wakigombana, hakuuliza nani ana haki. Aliwapa mti mrefu na jerikani, akawatuma ziwani. Mnabeba pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma, jerikani inaning'inia katikati bila kifuniko. Aliyeanza ugomvi ndiye anayekwenda kumwita mwenzake. Maji yakimwagika, mnarudi. Na kabla ya kufika mlangoni, kila mmoja awe amesema kilichomuuma.

"Mi sitaki kujua nani alishinda," alikuwa anatuambia. "Mi nataka maji."

Niliyebeba naye mara nyingi kuliko wote ni Bahati, rafiki yangu wa Goma, aliyevuka mpaka pale Petite Barrière kila Jumamosi kuja mazoezini. Tuligombania mpira, tuligombania nafasi ya mbele, tuligombania hata upepo. Safari ya tatu ya kurudi ziwani, nguo zimelowa, mabega yanawaka moto, mmoja wetu anaanza kucheka. Basi, imekwisha. Nilimpenda Bahati, nasema wazi.

Sasa nimepita hamsini na sijawahi kumpiga mtu. Nilijisifu hivyo hata mbele ya watoto wangu. Lakini mwaka jana, kwenye kundi la simu la sisi wanafunzi wa zamani, watu walibishana juu ya mambo ya pande mbili za mpaka, nami kwa hasira nikaandika: "Ninyi watu wa kule hamujuagi kuishi na watu."  Bahati alitoka kwenye kundi.

Nilijua ni mimi wa kwenda kumwita. Kwake si mbali, hata kwa miguu. Nikasema nitaenda kesho. Nikasema acha apoe. Nikasema naye amezidi kiburi. Miezi ikapita, na kila mwezi aibu ikanenepa, hata nikaanza kukwepa njia anazopita.

Wiki iliyopita nilimkuta Petite Barrière, kwenye mstari, nikiwa na binti yangu. Bahati alimshika mkono mtoto, akamuuliza, "Masomo iko inaenda, mama?" Wakacheka wote wawili. Kisha akanigeukia, amenyooka, uso mtulivu.

"Bonjour, monsieur."

Nilijibu bonjour. Mstari ukasogea, akaenda zake.

Utotoni aliniita mjinga, mwongo, kichwa ngumu, na jioni tukala sahani moja. Leo tumekuwa watu wazima wenye adabu, hatutukanani tena. Miaka yote tuliyojuana, ile ndiyo mara ya kwanza Bahati kuniheshimu.