Nilivyopeleka sabuni Gerezani kuchongesha kidude cha bunduki ya babu

Wakuu, salamu kwenu. Hii siyo chai, na shahidi ni bibi yangu.

Tunaishi Kariakoo, ghorofani. Sebuleni kwetu ukutani kuna bunduki ya baba yake babu, ya enzi za mkoloni. Haipigi, mtutu ulishazibwa na kibali kipo, so mods tulieni.

Kwenye ukoo mzima mjukuu anayeruhusiwa kuigusa ni mimi. Kila Jumamosi naifuta vumbi kwa kitambaa chake, na babu alishasema akifa ni yangu.

Sasa babu kaenda Moshi msibani, mimi nikajirekodi video napiga saluti nayo.

Kuiinua tu, feni ikapiga kile kinundu cha kulengea, pale mbele ya mtutu. Kikarukia nje dirishani! Nimekitafuta mtaroni mpaka mama ntilie kanipa ufagio, eti nikishindwa nisafishe kabisa.

Huwezi kukatiza na bunduki Kariakoo, hata mimi akili hizo ninazo. Nikagandamiza ncha ya mtutu kwenye sabuni ya mche alama ibaki. Baada ya shule, na uniform yangu, huyo Gerezani kwa mafundi chuma. Picha ya kinundu nilikuwa nayo kwenye simu.

Fundi akaigeuza ile sabuni. "Dogo, huu ufunguo wa nyumba ya nani?"

"Siyo ufunguo. Ni bunduki."

Yaani mimi na mdomo wangu! Grinder zote zikazimwa.

"Jamani, njooni muone jambazi la form three!"

Ikabidi nimpigie bibi, loudspeaker.

"Shikamoo mama. Huyu mtoto ni wako?"

"Marahaba. Wangu, kwa bahati mbaya. Mtengenezee tu, baba, mzee anarudi kesho, atamuua hata bila bunduki."

Wakacheka, akachonga. Katikati akauliza, "Kwenye picha kimelala kushoto. Nikilaze?"

"Nyoosha fundi, kipendeze."

Mdomo tena.

Nikakibandika kwa gundi ya chuma, nikakipaka masizi kizeeke. Safi kabisa.

Babu karudi, hata maji hajanywa, kasimama mbele ya ukuta.

"Nani kakinyoosha?"

"Nini, babu?"

"Baba alikigonga kwa jiwe kilale, maana bunduki ilikuwa inakosa nguruwe kila siku. Mimi natunza jiwe la baba, wewe unadhani natunza chuma?"

Hakunichapa. Bora angenichapa.

Kitambaa kampa binamu yangu Neema, darasa la nne. Jumamosi anafuta taratiiibu huku ananiambia, "Kaka, kaa mbali, utaivunja."

Nilichojifunza: ukifoji kitu cha mzee, foji na ubovu wake. Au sema ukweli mapema kama una moyo huo. Mimi sikuwa nao.

Kama kuna anayemjua fundi wa kupinda chuma kionekane kimepigwa jiwe na babu wa watu, amtaje hapo chini. Wa kucheka nanyi karibuni, Neema kashanizoesha.