Mkutano wa Ndani ya Lambo

Wanawake wa kijiji cha Samuye, Shinyanga, waliamua kuitisha mkutano wa kijiji kuhusu ukame ndani ya lambo la kunyweshea mifugo. Maji yalikuwa yamekauka yote, na udongo wa chini umepasuka kama kisigino chenye magaga. Mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali, alinipigia simu.

"Mwanangu, tukikaa ofisi ya kijiji watu watatuambia mvua ni kazi ya Mungu, waende zao. Wakikaa mle chini, kila mtu ataona anakalia nini. Njoo na kamera."

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa mkoani wa televisheni moja ya Dar es Salaam. Nilipompa mhariri habari hiyo, aliuliza swali lake la siku zote: "Mgeni rasmi nani?" Nikamwambia hakuna. Akasema niende, ataangalia.

Siku ya mkutano nilifika na mpiga picha asubuhi. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande wa pili. Walikuwa hawaelewani tangu mtu asiyejulikana alipoingiza ng'ombe kwenye ngitili ya yule mama, yaani eneo la majani linalofungwa masika ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Mpiga picha ndiyo kwanza anasimamisha kamera, simu yangu ikalia. Alikuwa mhariri. Kuna kiongozi anatua Ibadakuli mchana, kamera iende uwanja wa ndege.

"Bosi, watu ndiyo wanaanza kuongea."

"Hao watakuwepo hata kesho."

Mpiga picha alinitazama kwa huruma, akakunja vifaa vyake, gari likaondoka. Nikabaki na simu ya mkononi.

Mama mwenyekiti akasimama katikati ya lambo. Alisimulia jinsi ng'ombe wake wa mwisho alivyofuata maji machache yaliyobaki, akanasa kwenye tope. Walimvuta kwa kamba mpaka jua likazama. Alifia pale pale aliposimama yeye sasa. Kama ngitili yake isingeliwa, alisema, yule ng'ombe angekuwa na nguvu ya kujivuta.

Ndipo mzee mmoja mfugaji akavua kofia. Alianza kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu mgeni.

"Mayu, mama yangu, aliyetoa uzio wa miiba kwenye ngitili yako ni mimi. Ng'ombe wangu walikuwa wanalia, na mimi nina masikio."

Watu waliguna. Nilidhani watapigana. Mama mwenyekiti akamsogelea.

"Hata wangu alilia," akasema. "Kesho uje na mapanga. Tutaifunga upya wote wawili."

Baada ya hapo maneno yalitoka kwa urahisi. Wakakubaliana ngitili zote za kijiji zipumzishwe, na lambo lichimbwe kwa mikono kabla ya mvua. Yule mzee akaahidi maksai wake wavute udongo. Nilirekodi kila kitu kwa simu, nikamtumia mhariri.

Jioni tulijaa kwenye duka lenye televisheni. Taarifa ya habari ikaanza: kiongozi anashuka kwenye ndege, anapewa maua, anawahimiza wananchi wa Shinyanga waache uzembe, watunze mazingira. Ikafuata habari ya mchimbaji wa Geita aliyeokota jiwe kubwa la dhahabu. Kisha mpira.

"Sisi tunakuja baada ya mpira?" mzee aliniuliza.

"Labda kesho, baba," nikamjibu, nikijua si kweli.

Asubuhi nilimpigia mhariri. Alisema sauti ilikuwa na upepo, na tena habari ya tabianchi tayari imetoka, kiongozi ameisema.

"Kiongozi hajakanyaga Samuye!"

"Dada, ule ni ugomvi wa majirani. Habari ni mtu."

"Na wale ni nani?"

Alikuwa ameshakata. Niliropoka peke yangu barabarani mpaka wapita njia wakanipisha.

Lambo lilichimbwa bila televisheni yetu. Nilikwenda Jumamosi kadhaa kubeba udongo, na wala hakuna aliyeniuliza habari za kamera; hilo liliniuma kuliko kama wangenisema. Mvua ziliponyesha, maji yalijaa mpaka kifuani mwa ng'ombe. Nilipiga picha: yule mama na yule mzee ukingoni, mifugo yao imechanganyika ikinywa. Nikamtumia mhariri. Akanijibu siku ya pili yake.

"Nzuri. Kama kuna mtu amezama humo, nijulishe haraka."

Niliusoma ujumbe ule nikiwa nimesimama kwenye tope. Mama mwenyekiti akaniuliza wamesemaje huko Dar. Nikamwambia mtandao unasumbua.