Firigisi ya Daktari

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi nyumbani Asembo Bay kutoka chuo kikuu nikakuta Baba ameshanitangaza kuwa daktari. Majirani walinisubiri uani na magoti yao yaliyovimba. Mimi nilikuwa nasomea viinitete vya kuku, yaani kifaranga anavyoumbika ndani ya yai, na nilitaka kuendelea navyo maisha yangu yote. Jioni hiyo ilibidi niseme.

Mama alichinja kuku. Firigisi iliwekwa mbele ya Baba. Kwetu mwenye boma ndiye huila, mwingine haigusi. Nikaona huo ndio upenyo.

"Baba, hiyo firigisi mwanzoni ilikuwa seli ambazo zingeweza kuwa chochote. Ubongo, ukucha, chochote."

"Nani aliziambia ziwe firigisi?"

"Majirani zao."

Hapo nikapanda jukwaani. Seli moja hutoa kemikali, nikasema, nayo hunasa kwenye kipokezi cha seli ya jirani. Ndani, ujumbe hupokezanwa protini hadi protini, kama habari ya omena, wale dagaa wa ziwani, inavyotoka ufuoni boma hadi boma, mpaka ufike kwenye kiini na kuwasha jeni zinazohusika. Seli ikishaamua, kwa kawaida hairudi nyuma. Nilijiona profesa. Mama alisinzia.

Baba hakusinzia. "Kwa hiyo seli hufuata majirani?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hapa majirani wote wamesema daktari."

Digrii nzima, na bado nimejifunga bao mwenyewe.

"Lakini Baba, seli isiyo na kipokezi cha ujumbe huo haisikii, hata kijiji kizima kipige kelele. Mimi nikiona damu ya mtu naanguka. Muulize Mama."

Mama akafumbua jicho moja. "Alianguka kwa damu ya jino lake. Tena jino la utoto."

Baba alitafuna firigisi taratibu mpaka ikaisha. "Nilikuwa nimepanga kukukatia nusu," akasema. "Ya daktari." Akasukuma sahani kwangu. "Wewe wa mayai, chukua shingo. Na kesho hao watu wa magoti utawaambia mwenyewe waende hospitali Kisumu."

Sijawahi kupewa ruhusa yenye mifupa mingi hivyo. Niliifyonza yote.

Asubuhi niliwaambia, nikaongeza kuwa mimi nasomea kuku tu. Waliondoka wakinung'unika, isipokuwa mzee mmoja aliyefikiri kidogo, akaenda kwake, akarudi na kuku anayechechemea.