Injini Aliyoitamani Abdulhakim

Mwanakheri alipoulizwa anataka nini katika mirathi ya mumewe, hakutaja kiwanja wala fremu za duka. Alitaka gari. Shemeji yake Jamaludin alidhani ni msiba unaosema, akamwuliza tena, naye akajibu vile vile: gari, na lile sanduku lililo kabatini chini ya leso zake. Mtaa mzima wa Mishomoroni ulipata la kuzungumza wiki ile. Mjane wa miaka hamsini na minane, hajapata kushika usukani maishani mwake, eti ataka gari la mbio!

Gari lenyewe lilikuwa Celica ya milango miwili, ya mwaka sabini na tatu, rangi ya chungwa. Abdulhakim alilinunua akiwa karani kijana bandarini, na kwa miaka ishirini na saba alilipenda kwa namna ambayo mke mwingine angeona wivu. Kila alipopata kitu mkononi alinunua kipande: mwaka huu pistoni pana, mwaka ule kabureta mbili kubwa, kisha kamshafti, ule mti wa chuma wenye nundu unaofungua vali. Vyote vikafungwa magazetini na kulazwa sandukuni. "Injini hii imezibwa pumzi, Mwanakheri," alikuwa akisema kila akiosha gari. "Siku n'takapoipa pumzi, utaiona." Siku hiyo haikufika. Moyo ulimsimama akiwa kazini, gari likarudishwa nyumbani kwa kukokotwa, likakaa uani miaka miwili mpaka injini ikaganda kwa kutu.

Watu walidhani Mwanakheri anataka kutimiza ndoto ya marehemu, naye aliwaacha wadhani hivyo kwa kuwa ni jambo la heshima. Ukweli ulikuwa mwingine, na aliuonea haya. Alitaka kuusikia mlio. Miaka yote ile, saa kumi na moja jioni, gari lilikunja kona ya kisiagi cha unga, likapunguza mwendo kwenye tuta, likakohoa mara mbili, kisha likanguruma taratibu mpaka mlangoni. Kabla kichwa hakijatambua, miguu ya Mwanakheri ilikuwa imeshainuka na mkono uko kwenye birika. Hata baada ya eda alijikuta bado anakaa jikoni saa ile, ametega sikio, na hakuna kinachokuja. Alikuwa tayari kutoa chochote ausikie mara moja tu.

Ndipo akapanda tuktuk hadi Changamwe, kwa fundi Kioko, Mkamba mwenye gereji karibu na barabara ya uwanja wa ndege, ambaye Abdulhakim alikuwa akimchosha kwa maswali.

"Mama, sitakudanganya," Kioko alisema alipokuja naye hadi uani na kuchungulia. "Hii injini imeshika. Si tuweke ya kisasa? Mwezi mmoja gari inatoka, na itakimbia kuliko hii."

"Injini ni hii hii aliyokuja nayo marehemu. Sitaki ya kuazima."

"Na hivi vitu vya kwa sanduku?"

Hapo ndipo alipoteleza. Angesema tu kwamba anautaka mlio wa zamani, Kioko angemweleza yote. Lakini mwanamke mtu mzima aende kumwambia kijana wa watu kwamba amemkosa mumewe kiasi hicho? Akalimeza. "Tia vyote," akasema. "Marehemu alitaka nguvu. Ipe nguvu."

Gari likakokotwa hadi gereji, na Kioko akafanya kazi miezi mitano. Aliifungua injini yote, akapeleka silinda zikachongwa zipanuke zitoshe pistoni mpya, na ile kamshafti aliipanga mara tatu kwa sababu hakuridhika. Kila Alhamisi Mwanakheri alifika na mahamri na mbaazi, akaketi juu ya gurudumu kuukuu. "Bado haijapumua?" "Bado, mama. Ikipumua, ushike buibui yako!" Walizoeana hivyo, na bado hakumwambia.

Ilipokuwa tayari, alitoa sharti moja. "Usinipigie simu. Njoo Jumanne saa kumi na moja jioni, uingilie kona ya kisiagi." Kioko alicheka, akakubali.

Jumanne hiyo Mwanakheri alioga, akajifukiza udi, akavaa leso mpya, akaketi jikoni. Ungemdhani bi harusi. Pikipiki ikapita. Tuktuk ikapita. Kisha likaja gari moja lenye mlio mkavu, wa kupasua masikio. Akasonya, akasema moyoni kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Akaendelea kungoja.

Mlango ukabishwa. "Hodi! Mama, ni mimi. Nimesimama hapa dakika tano nzima."

Mwanakheri alitoka. Celica ilikuwa mlangoni, inang'aa, inatetemeka papo iliposimama. Miguu yake haikuitambua. Hilo ndilo lililomuuma. Machozi yakamtoka, na safari hii hakuona haya. Akamwambia Kioko yote: kona, tuta, kile kikohozi, miaka ishirini na saba.

Kioko alizima injini. Akapangusa mikono iliyokuwa safi tayari. "Ungeniambia, mama. Silinda zikipanuliwa, mlio hubadilika. Kamshafti pia, na kabureta. Lakini vya zamani sijatupa hata kimoja. Nipe wiki tatu, silinda nitazivisha chuma ndani zirudi saizi yake, nitarudisha ile ya mzee."

Mwanakheri alijipangusa machozi. Alizunguka akafungua mlango wa kushoto, akaketi mahali pake pa siku zote. "Hebu twende kwanza," akasema.

Walishika barabara ya Malindi. Walipopita Shanzu barabara ikawa tupu mbele yao, Kioko akakanyaga. Kiti kilimsukuma Mwanakheri mgongoni, tumbo likabaki nyuma, na kabla hajajizuia alicheka kwa sauti kubwa kama msichana. Kisha akageuka upande wa usukani kumtazama mumewe anavyofurahi, akamwona Kioko.

Waliporudi, Kioko aliuliza kwa upole, "Basi nirudishe ya zamani?"

"Usiguse kitu," alisema Mwanakheri. "Hii ndiyo aliyoitaka yeye, na wallahi alikuwa na haki. Mimi nilitaka arudi nyumbani. Hilo, mwanangu, huna spana yake."