Nzuri, Mara Sabini na Mbili

Ofisini walimwita Kalamu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikumbukwa na orodha ya mishahara na mumewe tu, naye mumewe mpaka akasirike.

Alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Alipokea simu, akasema Mkurugenzi yuko kwenye mkutano, akasaini. Hakuna karatasi iliyotoka ghorofa ya saba bila maneno "kwa niaba ya Mkurugenzi", na juu yake mkono wa Kalamu, umezunguka vizuri kama kikuku. Mkurugenzi mwenyewe aliogopa wino kama paka aogopavyo maji. Kalamu yake ya rangi ya dhahabu ilikaa mfukoni miaka nenda miaka rudi, pambo kama jino la bandia.

Na mwoga huyo wa wino ndiye aliyekuwa bingwa wa vitabu vya ujasiri. Vile vyenye jalada jekundu na picha ya ngumi, vinavyokufundisha kubadili maisha kwa hatua tisa. Alivinunua kama soksi. Kuvisoma, thubutu! Ijumaa alimkabidhi Kalamu kitabu, Jumatatu Kalamu akamletea muhtasari wa ukurasa mmoja. Mkurugenzi akausomea kwenye choo cha wakubwa, akatoka ameelimika, na balaa likaanza. Baada ya kitabu cha ubunifu, kuta zote zilipakwa rangi ya machungwa, likatundikwa na sanduku la maoni ambalo ufunguo wake haukuonekana tena. Baada ya kitabu cha kuthubutu, viti viliondolewa kwenye chumba cha mikutano ili watu wafikiri wakiwa wamesimama. Mhasibu alifikiri hadi akaanguka.

Jengo lilikuwa na lifti moja, na ndani ya lifti, nyuma ya kioo, kadi ya ukaguzi: tarehe, hali, saini. Zamani alikuja fundi mzee kila tarehe mosi, akapanda juu ya paa la lifti, akashuka na grisi hadi masikioni, akaandika hali aliyoikuta. Fundi akastaafu. Mkurugenzi akamwambia Kalamu, "Wewe jaza tu kwa niaba yangu, mpaka apatikane mwingine." Mwingine hakupatikana. Kalamu akajaza "Nzuri". Mwezi uliofuata, "Nzuri". Mara mbili alikumbusha habari ya fundi, mara mbili akajibiwa kwamba suala liko kwenye mchakato, mahali ambapo masuala hayatoki hai. Miaka sita ikapita.

Miaka sita hiyo hiyo, Kalamu hakuipanda lifti hata siku moja. Alipanda ngazi, ghorofa saba, na goti la kushoto likilia kama bawaba kavu. Aliyemuuliza alijibiwa, "Mazoezi."

Aliyemnyima raha alikuwa mfanya usafi, mwanamke mtu mzima waliyemwita Mama Ndoo, aliyepanda lifti hiyo mara kumi kwa siku na ndoo zake mbili. Siku moja Kalamu alijaribu kumzungusha.

"Mama, ngazi ni afya."

"Na ndoo mbili za maji, mwanangu? Afya hiyo si nitaifia njiani?" Akaigonga ile kadi kwa kucha. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, ila mkono huu naujua. Ukishasaini wewe, mimi hata kulala humu nitalala."

Kalamu akacheka. Kisha akaelekea ngazini.

Basi Ijumaa moja kikaja kitabu kinene kuliko vyote, kinachowasema watu wanaotupa wenzao hatarini huku wao wamekaa kivulini. Kalamu alikisoma Jumamosi hadi katikati. Jumapili kukawa na nguo za kufua na wakwe wa kupokea. Jioni ukurasa ulibaki na nafasi tupu ya vidole vitatu.

"Unaandika nini umenuna hivyo?" mumewe akauliza.

"Namalizia kitabu cha watu."

"Kwani aliyekiandika hakukimaliza?"

"Alikimaliza. Mimi ndiye sijafika."

Akafanya alichokwisha kufanya mara nyingi bila mtu kujua: akatunga. Aliandika kwamba mwandishi anatoa mfano wa jengo moja ambako aliyetia saini kuwa lifti ni nzima alilazimika kuipanda yeye wa kwanza, mbele ya watu. Kwa nini lifti? Mtu aliyepanda ngazi miaka sita atunge nini kingine? Na moyoni alitumaini Mkurugenzi ataona haya kidogo.

Mkurugenzi hakuona haya. Aliona mwanga. Asubuhi alitoka chooni karatasi ikipepea, akawakusanya watu mbele ya lifti.

"Mwandishi huyu ni jini! Anayesaini ndiye apande! Leo si tarehe mosi? Nani anasaini kadi yetu?"

Macho yote yakamgeukia Kalamu.

Hapo akajua jinsi panya anavyojisikia ndani ya chupa aliyoiingia mwenyewe. Akisema sipandi, ataulizwa kwa nini, na jibu lina mistari sabini na miwili. Akisema mfano huo haumo kitabuni, ataulizwa na mingine, na hata zile kuta za machungwa zilitoka kichwani mwake, Jumapili moja ya mvua. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, naye amevua mbele ya ofisi nzima.

"Kalamu, mazoezi yatosha," mhasibu akamchokoza. "Leo goti lipumzike."

Watu wakacheka. Mama Ndoo akasogea na ndoo zake. "Twende wote, mwanangu. Mimi nashuka kubadilisha maji."

"Hapana, Mama. Wewe baki."

"Nibaki kwa nini?"

Kalamu aliingia, akachomoa kadi nyuma ya kioo, akaigeuzia watu. "Bosi, hapa chini pameandikwa kwa niaba ya nani?"

Mhasibu akasoma kwa sauti, kwa raha zake zote: "Ya Mkurugenzi."

"Mimi nina mkutano," Mkurugenzi akasema.

"Bosi, ni mimi ninayesema una mkutano. Leo huna."

Kicheko kilichofuata ndicho kilichomsukuma Mkurugenzi ndani. Milango ikafunga. Lifti ikashuka ghorofa moja, ikashuka ya pili, ikaguna kama ng'ombe aliyekanyagwa, ikasimama.

"Bonyeza," akasema Mkurugenzi.

"Nimebonyeza."

"Bonyeza tena, kwa niaba yangu."

Kalamu akabonyeza. Taa ikafifia. Chumba kilikuwa na upana wa kabati la nguo, na hewa yake ilikuwa manukato ya Mkurugenzi na jasho la wawili.

"Nani aliikagua hii?"

"Hakuna."

"Imeandikwa nzuri!"

"Uliniambia nijaze."

"Nilisema ujaze, sikusema udanganye."

Kalamu akafungua mdomo kumrukia, akaufunga. Ndicho alichokuwa akiambiwa na goti lake miaka sita, kila ngazi. "Mkono ni wangu," akasema. "Hilo sikatai."

Mkurugenzi akafuta paji la uso kwa tai. "Kitabu kinasemaje mtu akikwama?"

"Sijafika huko."

"Hukumaliza?"

"Nusu. Lifti niliitunga mimi."

"Na... kuta za machungwa?"

"Hizo pia."

Mkurugenzi akateleza taratibu ukutani hadi akakaa sakafuni. "Hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote," akasema, sauti ndogo kama ya mtoto aliyeambiwa hakuna sikukuu.

Ndipo sauti ikawajia kutoka juu, kupitia upenyo wa mlango: "Mwanangu! Usiogope! Si umesaini wewe?"

Kalamu alikibana kile kikadi kifuani. Angepewa nafasi, angechagua lifti ianguke.

Ilimchukua mlinzi saa nzima na nusu kuipanua milango kwa nondo. Walitolewa wakivutwa mikono kama mizigo, mbele ya watu wale wale. Mkurugenzi akajipangusa suruali, akainama sikioni kwa Kalamu. "Jaza kadi. Andika nzuri. Fundi nitamtafuta, haki ya Mungu. Tusiwatie watu hofu."

Kalamu akanyoosha mkono, akaichomoa ile kalamu ya dhahabu mfukoni mwa Mkurugenzi, akampa pamoja na kadi. "Andika mwenyewe, bosi."

Mkurugenzi aliitazama kalamu yake kama mtu aliyepewa nyoka ashike mkia. Kisha, bila kusaidiwa na mtu, akakumbuka mkutano, akamrudishia vyote viwili.

Kalamu akaiweka kadi ukutani, akaandika kwenye mstari wa sabini na tatu: "Mbovu. Nimepanda." Akasaini jina lake lote, lile la orodha ya mishahara, bila niaba ya mtu. Mlinzi akafunga milango kwa mnyororo.

Msidhani alibebwa juu juu. Ofisi nzima sasa ilipanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa na laana yake kwa jina la Kalamu. Mkurugenzi akahamia ghorofa ya chini na vitabu vyake. Simu ikabaki juu, naye Kalamu akabaki na simu. Ikaamuliwa aandikiwe barua ya kujieleza kuhusu ile mistari sabini na miwili. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuandika barua, aliiandika yeye, kali, haina huruma, akaiteremsha ili Mkurugenzi asaini. Mpaka leo haijarudi. Kila asubuhi Kalamu hupita mlango ule akijua imo ndani, inamngoja.

Asubuhi ya pili ya mnyororo alimkuta Mama Ndoo amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne, ndoo pembeni, anahema. Kalamu akainua ndoo moja. Wakapanda pamoja.

"Ile ya mwisho ulisema kweli," Mama Ndoo akasema njiani. "Na zile nyingine?"

"Zile nyingine sikuwahi kuitazama lifti, Mama. Hata moja."

"Zote?"

"Zote."

Mama Ndoo akapanda ngazi sita. Ya saba akasimama.

"Basi shika na hii nyingine," akasema.